Je, wajua kuna virusi vinavyolinda viazi ghalani?

Mwambie mtu viazi vya mbegu vimepakwa virusi uone, kwanza atarudi nyuma, halafu atauliza ni maabara gani imevitengeneza. Hakuna aliyevitengeneza. Vilikutwa ndani ya viwavi wa nondo wa viazi waliokuwa wanajifia wenyewe, yule nondo mwenye asili ya Amerika Kusini ambaye sasa yuko mpaka Kenya, kiwavi wake anatoboa kiazi kuanzia shambani na anaendelea kukila hukohuko ghalani.

Na hofu ya kuambukizwa je? Hapa ndo wengi wanachanganya, wakisikia virusi wanawaza ukimwi na korona, wakati kirusi chochote lazima kipate seli inayokipokea, na hiki kinapokewa na nondo huyo na ndugu zake wachache tu, akiwemo kwa kiasi fulani kantangaze anayemaliza nyanya. Nyuki hakimgusi, kuku hakimgusi, wewe ndo kabisa.

Kinavyoua sasa. Kirusi kimefungwa ndani ya punje ya protini, chukulia ni kidonge chenye ganda ambalo maji ya kawaida hayaliyeyushi ila ukilitia kwenye maji ya magadi linaachia. Tumbo la kiwavi ndo hayo magadi. Anatafuna ngozi ya kiazi, anameza na punje, ganda linayeyuka, kirusi kinaingia seli za utumbo halafu kinasambaa mwilini. Hafi siku hiyohiyo, anaweza kumaliza hata wiki mbili huku anapauka, na akifa mwili wake umejaa punje mpya kibao.

Yaani kiwanda ni kiwavi mwenyewe! Kituo cha Kimataifa cha Viazi, CIP, huko Lima, Peru, kilikuwa na mchanganyo wake: saga viwavi 20 wagonjwa, changanya na kilo 1 ya unga wa talki (madini laini yanayotumika kwenye poda), na kilo 5 za unga huo zinatosha tani 1 ya viazi. Viwavi 100 kwa tani nzima. Shambani ni shida kidogo kwa sababu jua linaua kirusi, ghalani gizani kinadumu.

Ila kuna doa: watafiti wa CIP walipokuja kupima upya waliona talki yenyewe, bila kirusi, inawazuia viwavi vizuri tu. Kwa hiyo ukikutana na jaribio linalosifia unga huu, angalia kwanza kama waliweka pia lundo la viazi vilivyopakwa talki tupu.