Kipuri Hiki Kinashika Nini Kingine?

Anayefufua lori lililoundwa miaka ya 1930 au 1940 hufika mahali ambapo orodha ya vipuri haimsaidii tena, kwa kuwa difu (gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu) au giaboksi aliyonayo iliacha kutengenezwa kabla yeye hajazaliwa. Injini mara nyingi ina ndugu zake katika magari mengine, lakini vyuma vilivyo kati ya klachi na magurudumu vilitofautiana hata kati ya malori mawili ya kiwanda kimoja, na hapo ndipo fundi hulazimika kubuni. Katika kazi hii nimezoea kujiuliza swali moja kabla ya kushika kalipa, kifaa cha kupimia vipuri: mbali na kupokea mzunguko na kuupeleka mbele, kipuri hiki kinashika nini kingine?

Hafu shafti, yaani fimbo inayotoka kwenye difu kwenda kwa gurudumu, inaonyesha vizuri kwa nini nauliza hivyo. Katika malori mengi mazito gurudumu hukaa juu ya beringi zilizovalishwa kwenye mfuko wa ekseli wenyewe, na hafu shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Ikikatika, lori linakosa nguvu ya kwenda, lakini gurudumu linabaki mahali pake. Katika malori madogo mengi gurudumu limefungwa kwenye hafu shafti yenyewe, kwa hiyo ikikatika nje ya beringi gurudumu huondoka nayo. Vyuma viwili vinavyofanana mezani vinadai tahadhari tofauti kabisa. Vivyo hivyo kwa propela shafti, bomba linalopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi difu: malori mengi ya zamani yana dramu ya breki ya mkono nyuma ya giaboksi, si kwenye magurudumu, na hivyo krosi dhaifu, yaani kiungo chenye umbo la msalaba kwenye ncha ya shafti hiyo, ikivunjika lori likiwa limeegeshwa mteremkoni, breki ya mkono inakuwa imekwenda pamoja nayo.

Swali la pili ni mahali kipuri kilipo katika mnyororo, kwa sababu nguvu ya kuzungusha huongezeka kadiri unavyoelekea nyuma. Chukua injini inayotoa nyutoni-mita 200. Gia ya kwanza yenye uwiano wa 6 kwa 1 huifikisha nguvu hiyo 1,200 kwenye propela shafti, na difu yenye uwiano kama huo huipandisha hadi 7,200, ambazo hafu shafti mbili hugawana 3,600 kila moja, ukiacha kinachopotea kwa msuguano. Ndiyo maana sikerezi hafu shafti kutoka kwa chuma cha kawaida cha kuchomelea mageti, na wala siungi iliyokatika kwa kuichomelea, kwa kuwa joto huharibu ugumu ambao chuma kilipewa katika tanuri. Afadhali kutafuta hafu shafti ndefu zaidi ya lori jingine, kuifupisha na kuichonga meno mapya, mradi mkereza vyuma aulizwe mapema kuhusu ngozi ngumu ya juu. Akiikata ngozi hiyo ili meno yaingie, shafti inahitaji kurudishwa kwenye tanuri. Asipofanya hivyo, meno yatajipinda polepole kama skrubu.

Krosi ni mahali ambapo ubunifu una nafasi kubwa. Usiitafute kwa jina la lori. Pima kipenyo cha kikombe na upana kutoka mgongo wa kikombe hadi mgongo wa kikombe cha pili, kisha uangalie kama pete za kubania zinakaa ndani au nje ya yoki, ile panda ya chuma inayoishika krosi. Saizi ya 1310 ya kampuni ya Spicer, ambayo imetumika katika magari mengi mno, ina kikombe cha milimita 27 na upana wa karibu milimita 82. Zipo pia krosi zenye vipimo viwili tofauti, zilizoundwa makusudi kuunganisha yoki za aina mbili. Flanji, yaani vichwa bapa vya ncha za shafti vinavyofungwa kwa bolti, zikikataana, sahani ya chuma ya kuziunganisha hukubalika, lakini iwe na mdomo uliokerezwa ili ukae sawasawa katikati ya flanji zote mbili. Bolti hazikuwekwa ili zitafute katikati. Kazi yake ni kubana.

Kosa linalonikera zaidi, labda kwa sababu nimelifanya mwenyewe, ni la mpangilio wa yoki. Krosi moja ikifanya kazi kwa pembe, upande wa pili huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko: kwa digrii 10 tofauti ni karibu asilimia 1.5 juu na chini, na kwa digrii 20 ni karibu asilimia 6. Krosi ya pili hufuta tofauti hiyo ikiwa tu yoki mbili za shafti zimelala katika bapa moja na pembe za mbele na nyuma zinalingana. Niliwahi kurudisha sehemu ya kuteleza ya propela shafti yenye meno 16 nikakosea jino moja, yaani digrii 22.5, kisha nikapoteza siku mbili nikilaumu usawa wa uzito wa bomba. Tangu siku hiyo napiga alama kwa patasi kabla ya kufungua chochote.

Ukirefusha bomba, kumbuka kwamba urefu ukiongezeka mara mbili mwendo ambao bomba huanza kupinda na kupigapiga hushuka hadi robo. Bomba nene zaidi, au senta beringi inayolishika bomba katikati, ndiyo dawa.

Beringi na oil sili (pete za kuzuia mafuta yasivuje) hazisumbui. Beringi ya 6308, kwa mfano, ni milimita 40 kwa 90 kwa 23 popote ilipotengenezwa. Kipimo cha inchi kikikosekana, nakereza bushi ya kuvalisha nje, kwenye nyumba ya beringi isiyozunguka, kuliko kuichubua shafti. Linalosahaulika ni mafuta: difu ya lori la Ford TT la mwaka 1917 ilikuwa na gurudumu la meno la shaba nyeusi lililosukumwa na skrubu ya chuma, na baadhi ya mafuta ya kisasa ya gia ya daraja la GL-5 yana viungo vya salfa vinavyoweza kuila shaba.

Baada ya safari fupi ya kwanza nashika kila beringi kwa mkono nikilinganisha joto, kisha natazama mstari wa rangi niliouchora kutoka kwenye nati hadi kwenye flanji. Mstari ukiwa umekatika, nafungua tena, hata kama lori halikutoa sauti yoyote.