Jeni ya APC: Breki ya Seli Shina za Utumbo

Seli shina za utumbo zinakaa wapi?

Utando wa ndani ya utumbo umejaa vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho, na seli shina, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine za utumbo, zimejibanza chini kabisa ya kila kishimo. Zikigawanyika, baadhi hubaki palepale zikiwa shina. Huko ndiko kujizalisha upya. Nyingine husukumwa juu, hukomaa, hufanya kazi ya kufyonza au kutoa ute, kisha hupukutika na kutoka na choo. Safari yote ni siku 3 hadi 5 tu.

Seli inajuaje ibaki shina au ikomae?

Seli zilizo jirani na vitako vya vishimo hutoa protini iitwayo Wnt. Seli inayoipata hulimbikiza protini nyingine, beta-katenini, ambayo huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za kugawanyika, mojawapo MYC. Kadiri seli inavyopanda, Wnt inapungua. Hapo APC, protini inayotengenezwa na jeni ya APC, inashika usukani: ikishirikiana na protini ya Axin, huikamata beta-katenini, vimeng'enya huibandika alama ya kemikali iitwayo fosfati, na alama hiyo huipeleka ikasagwe. Beta-katenini ikishaisha, seli huacha kugawanyika, kisha hukomaa.

APC ikiharibika?

Kila seli ina nakala mbili za jeni hii, na kwa kawaida moja nzima hutosha. Zikiharibika zote mbili, beta-katenini haisagwi tena. Seli imeshapanda mbali na Wnt, lakini ndani yake bado inapata amri ileile ya chini ya kishimo: gawanyika.

Mahali pa hitilafu pana uzito mkubwa. Seli iliyokwisha komaa ikiharibika, mara nyingi siku chache tu imeshatoka na choo. Seli shina haiondoki hivyo. Inaweza kubaki miaka na kurithisha kosa kwa kizazi chake chote, hadi kishimo kizima kijae watoto wake. Hapo ndipo kinyama (uvimbe mdogo kwenye utando, polipu) huota. Hicho bado si saratani. Kwa kawaida jeni nyingine, kama KRAS na TP53, huharibika baadaye, na mara nyingi inapita miaka 10 au zaidi. Muda huo ndio nafasi yetu ya kukikata kinyama hicho.

Hitilafu hii hurithiwa?

Inaweza kurithiwa. Mzazi mwenye nakala mbovu ana uwezekano wa nusu kwa nusu kumpa kila mtoto. Aliyerithi amebakiwa na nakala moja tu nzima katika kila seli, na seli inayoipoteza hiyo nayo haina breki tena; kwa hiyo huota vinyama mamia, mara nyingi tangu ujana, na asipofanyiwa upasuaji karibu hakika atapata saratani, wengi wakiwa na miaka 40 hivi. Watoto wa familia hizi huanza kupimwa kwa kamera ya utumbo wakiwa na miaka 10 hadi 15, kila mwaka 1 au 2. Wagonjwa wengine hawana historia yoyote kwao, kwa sababu hitilafu imeanza kwao wenyewe.

Kwa nini tusiizuie Wnt kwa dawa?

Dawa inayozuia Wnt isitolewe inagonga hatua iliyo kabla ya mahali palipovunjika: bila APC, beta-katenini haingoji amri. Ukizuia beta-katenini yenyewe, unagusa pia utumbo mzima na mifupa, vinavyoihitaji. Kwa hiyo kukata vinyama mapema bado ndiyo njia ya uhakika. Ukiona damu kwenye choo, usijipe jibu kuwa ni bawasiri, nenda ukapimwe.