Jua na nywele ndefu: kwa nini ncha hupauka, na namna ya kuzikinga

Nywele zangu ni nyeusi tangu kuzaliwa, sijawahi kuzitia rangi wala dawa. Sasa zimefika mgongoni, na ncha zake zina wekundu kama wa kutu. Karibu na ngozi bado ni nyeusi tii. Kumetokea nini?

Jua limezichujua. Weusi wa nywele unatokana na chembechembe za melanini zilizomo ndani ya kila unywele, chini ya magamba membamba yaliyolaliana kama vigae vya paa. Melanini huimeza miale ya jua isiifikie keratini, yaani protini inayoupa unywele nguvu. Lakini kila inapoimeza, nayo inalika. Ikipungua, weusi unageuka kahawia, kisha wekundu, na kwa wengine unafikia unjano.

Kuhusu ncha, piga hesabu ya umri. Nywele za kichwani hurefuka kwa wastani wa sentimita 1 hivi kwa mwezi, na za kipilipili mara nyingi huwa pungufu ya hapo. Kama nywele zako zina sentimita 50, basi ncha unayoishika leo ilitoka kichwani kama miaka 4 iliyopita. Imepigwa na jua la miaka yote hiyo, ikaoshwa, ikachanwa, ikasuguana na nguo na mito. Kipande kilicho karibu na ngozi kina wiki chache tu. Mwenye nywele fupi haioni shida hii kwa sababu kinyozi huondoa sehemu iliyozeeka kabla haijapauka. Wewe unayezifuga unaishi na ncha kongwe, na hizo ndizo za kutunzwa kuliko sehemu nyingine yoyote.

Ni suala la urembo tu, au nywele zenyewe zinadhurika?

Zinadhurika, na rangi ni dalili inayoonekana mapema tu. Jua hunyanyua yale magamba na kuuharibu utando mwembamba wa mafuta unaoufanya unywele ung'ae na kuteleza. Baada ya hapo nywele hunywa maji upesi na kukauka upesi, hushikana, hulia chini ya kichana, na mwishowe hukatika. Miale ya urujuanimno (UV), yaani miale ya jua isiyoonekana kwa macho, iko ya aina A na B. Ya aina B ndiyo inayoshambulia zaidi protini. Ya aina A, pamoja na mwanga wa kawaida tunaouona, huchangia zaidi kuichuja rangi.

Jambo ambalo ningependa kila mwenye nywele ndefu alijue ni hili: unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi hauna uhai. Hauna damu wala neva. Ngozi ikichubuka hujifunga yenyewe, unywele ukipasuka haujifungi. Kondishna huyalaza magamba na kuzilainisha nywele hadi utakapoziosha tena, na hiyo ni faida ya kweli, ila hairudishi protini iliyovunjika wala weusi uliopotea. Chupa ikiandikwa kwamba dawa yake "inaponya" nywele zilizoungua na jua, usiiamini.

Nywele nyeusi sana si zina kinga ya kutosha?

Zina kinga kubwa kuliko nyepesi, kwa kuwa zina melanini nyingi. Kinga hiyo hupunguza kasi tu. Kwenye nywele fupi hutaona tofauti. Kwenye nywele zenye miaka 5 utaiona.

Basi kinga gani inayofanya kazi kweli?

Kitambaa. Ningeruhusiwa kutoa ushauri mmoja tu, ningesema funika nywele kwa kitambaa kilichofumwa vizuri kila unapokaa juani kwa muda mrefu, na ncha ziwe ndani. Watu wengi huvaa kofia kisha wakaacha mkia mrefu wa nywele ukining'inia nyuma. Kofia hiyo inakinga sehemu changa yenye nguvu, huku sehemu kongwe iliyochoka ikiachiwa jua.

Si kila kitambaa kinafaa. Kinyanyue kuelekea kwenye mwanga: ukiona mwanga unapenya, jua nalo litapenya. Nguo zilizopimwa huandikwa alama ya UPF. UPF 50 maana yake ni kwamba sehemu 1 tu kati ya 50 za miale ya urujuanimno ndiyo inayopita. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba huwa na UPF 5 hadi 7 hivi, na ikilowa hupungua zaidi. Rangi iliyokoza na ufumaji uliobana hukinga vizuri kuliko kitambaa cheupe chepesi. Kofia ya ukindu yenye matundu ni kivuli nusunusu.

Tatizo la pamba ni kwamba hunyonya unyevu wa nywele na kuzisugua, hasa nywele zilizojikunja. Wenye nywele za namna hiyo hufanya vyema kutanguliza satini au hariri ndani, kisha kofia au kilemba juu yake. Satini peke yake ikiwa nyepesi huteleza vizuri lakini haizuii jua sana, kwa hiyo msiitegemee kama ngao.

Msuko nao una kazi yake. Nywele zilizosukwa au kukusanywa kwenye fundo hufichana: za nje hupigwa, za ndani hupona. Zizungushe ncha ziingie katikati ya fundo. Ila msuko usibane. Msuko unaovuta ngozi mpaka mtu anaumwa kichwa huharibu vinyweleo, yaani vishimo vya ngozi vinavyootesha nywele, na upara unaotokana na kuvutwa kwa miaka mingi huweza kuwa wa kudumu. Sioni faida ya kuokoa rangi ya ncha na kupoteza mizizi.

Halafu kuna saa. Miale huwa mikali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Kipimo rahisi ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua ni kali. Shirika la Afya Duniani hushauri watu waanze kujikinga kipimo cha miale ya urujuanimno kinapofika 3, na kipimo hicho hutolewa kwenye taarifa nyingi za hali ya hewa. Ushauri huo ulitolewa kwa ajili ya ngozi na macho, lakini nywele hupigwa na miale hiyohiyo.

Siku za mawingu, au nikiwa ndani ya gari?

Mawingu mepesi huruhusu miale mingi ipite, kwa hiyo kutosikia joto si ushahidi kwamba umekingwa. Ukiwa milimani jua huzidi: kila ukipanda mita 1,000, miale ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Mchanga mkavu wa ufukweni hurudisha kama asilimia 15 ya miale, ndiyo maana mwavuli peke yake hautoshi huko. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya miale ya aina B na kuiachia mingi ya aina A, ile inayochuja rangi. Dereva anayeketi upande uleule wa jua kila siku anaweza kuona upande mmoja wa nywele umepauka kuliko mwingine.

Mafuta ya nazi yanakinga jua?

Yana faida, ila si hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na mafuta ya madini, ukaona kuwa ya nazi ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha nywele. Sababu ni asidi ya lauriki, ambayo molekuli zake zina umbo linaloweza kupenya ndani ya unywele badala ya kubaki juu. Kwa hiyo kuyapaka kabla ya kuosha, hasa kwenye ncha, ni tabia njema. Lakini uwezo wake wa kuzuia miale ya jua ni mdogo mno. Yapake, kisha ufunike.

Na dawa za kupuliza zilizoandikwa SPF?

SPF ni kipimo cha kinga ya losheni ya jua, na hupatikana kwa kuangalia ni kiasi gani cha miale kinachoifanya ngozi iwe nyekundu. Nywele haziwi nyekundu kwa kuungua, kwa hiyo namba hiyo haikupi ahadi yoyote kuhusu nywele. Dawa hizo zikiwa na vichujio vya miale husaidia kiasi, lakini hazienei sawasawa na hutoka kwa jasho na maji. Zitumie kama nyongeza. Kwenye mstari wa nywele zilizopasuliwa ndiko losheni ya jua inakohitajika hasa, kwa kuwa hapo ni ngozi tupu.

Naogelea mara kwa mara, na nywele zinapauka haraka kuliko za wenzangu.

Klorini ya bwawa nayo huichakaza melanini, na jua likiongezeka juu yake kazi inakwenda mbio. Chumvi ya bahari huzikausha nywele na kuzifanya zikwaruzane. Kabla ya kuingia majini, zilowanishe nywele kwa maji safi mpaka zishibe. Unywele unaweza kunyonya maji ya kiasi cha asilimia 30 ya uzito wake, na ukishajazwa maji safi nafasi ya yale ya bwawa hupungua. Paka kondishna juu, zisuke, vaa kofia ya kuogelea. Ukitoka, suuza papo hapo, usisubiri kufika nyumbani. Usizianike juani zikiwa na chumvi au klorini, hata kama upepo ni mzuri.

Mchanganyiko wenye ndimu unang'arisha nywele. Niendelee?

Usiupake ukiwa unakwenda juani. Asidi ya ndimu au limau ikisaidiana na jua huzipausha nywele zaidi, na ndiyo maana wanaotaka nywele nyepesi huitumia kwa makusudi. Hatari kubwa iko kwenye ngozi: maji ya ndimu yakibaki kwenye paji la uso au shingo kisha yakapigwa na jua, ngozi huweza kutoka malengelenge na kubaki na madoa meusi kwa miezi.

Nikifunika nywele kila siku, sitakosa vitamini D?

Vitamini D hutengenezwa na ngozi hai. Nywele hazitengenezi chochote. Uso na mikono vinaweza kufanya kazi hiyo bila nywele kufunuliwa.

Mtoto wangu nywele zinageuka nyekundu na hachezi juani sana. Ni jua pia?

Swali hili lisipuuzwe. Tazama mahali rangi inapoanzia. Jua huanzia kwenye ncha na nywele za juu, mizizi ikibaki na rangi yake. Rangi ikibadilika kuanzia kwenye mizizi, maana yake kinyweleo chenyewe hakitengenezi melanini ya kutosha, na sababu iko ndani ya mwili.

Kwa mtoto mdogo, jambo la kwanza la kuwaza ni utapiamlo mkali, hasa kwashakoo. Nywele huwa nyekundu au za rangi ya majani makavu, nyepesi, na huchomoka zikivutwa kidogo bila mtoto kulia. Wakati mwingine unywele mmoja huwa na pete za weusi na wekundu zikipishana, kila pete ikionyesha kipindi cha lishe nzuri au mbaya. Bonyeza miguu yote miwili juu ya wayo kwa kidole gumba kwa sekunde 3. Kikibaki kishimo kila mguu, mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama anaonekana mnene, kwa sababu unene huo ni maji. Msimpime kwa macho na kusema jua limemchoma.

Kwa mtu mzima, upungufu wa vitamini B12 au wa madini ya shaba unaweza kubadili rangi ya nywele, ingawa si kisa cha kila siku. Nywele zikipauka kuanzia mizizi na huku unachoka bila sababu, una ganzi miguuni au zinanyonyoka kwa wingi, omba kupimwa damu kabla ya kununua vidonge vya nywele.

Zilizokwisha kupauka nizifanyeje?

Kama hazikatiki na rangi haikusumbui, ziache. Kama ncha zimepasuka, kata sentimita 1 au 2 kila baada ya miezi michache, maana mpasuko husafiri kupanda juu na utakugharimu urefu mwingi baadaye. Kupaka rangi nyeusi kunaficha wekundu, ila rangi nyingi za kudumu zina kemikali iitwayo PPD inayowaletea watu wengine mzio mkali. Hata hina inayouzwa kama "nyeusi" mara nyingi imechanganywa na kemikali hiyo, kwani hina halisi hutoa wekundu. Jaribu kidogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, usubiri siku 2. Kila mwezi unaopita mizizi inakuletea sentimita moja nyingine isiyoguswa na jua, na hiyo unaweza kuifunika tangu leo.

Ngozi ya kichwa je?

Huungua kama ngozi nyingine, hasa kwenye mistari ya misuko, utosini na palipoanza upara. Walio hatarini zaidi ni watu wenye ualbino, kwa kuwa ngozi na nywele zao zina melanini kidogo sana au hazina kabisa. Kwao kofia pana ni kinga ya maisha. Mwombe anayekusuka akuangalie kichwani, maana yeye anaona usipopaona. Akikuta kidonda kisichopona kwa wiki 4, kigaga kinachotoka na kurudi palepale, au doa linalokua na kubadilika rangi, nenda kwa daktari na umwonyeshe hapo hasa, nywele zikiwa zimefumuliwa.