Eti mwanaharakati hawezi kuwa mtafiti

Kila msimu wa mapendekezo ya utafiti kuhusu rangi na jinsia, mwanafunzi ananiuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nifiche kwamba niko kwenye harakati? Wataniona nina upendeleo." Nimechoka kulisikia swali hili, na ninawaonea uchungu wanaofundishwa kuliuliza.

Usifiche. Liandike waziwazi kwenye sura ya mbinu: uko na kikundi gani, una wajibu gani. Utafiti hupimwa kwa jinsi ulivyopata sampuli, na kwa data ambayo mwingine anaweza kuikagua. Kinachouharibu ni kutupa majibu yasiyokupendeza, na hilo hata wasio na harakati yoyote hulifanya.

Mtazameni Ida B. Wells, mwandishi wa habari mweusi wa Marekani. Mwaka 1892, rafiki zake watatu waliuawa na kundi la wazungu mjini Memphis. Alikuwa na hasira na hakuificha. Lakini alipoandika, alitegemea takwimu za Chicago Tribune, gazeti la wazungu, asije akaambiwa anatia chumvi. Wazungu wa Kusini mwa Marekani walidai kwamba wanawaua weusi ili kulinda heshima ya wanawake wao. Wells akaonyesha kuwa kati ya weusi 728 waliouawa na makundi hayo, theluthi moja tu ndio waliotuhumiwa kubaka, achilia mbali waliosingiziwa. Swali lake liligusa rangi na jinsia kwa pamoja, na aliliona kwa sababu alikuwa ndani ya mapambano.

Wengine hunisihi wachunguze rangi peke yake, jinsia baadaye. Mwaka 1976 mahakama ya Marekani ilifikiri hivyohivyo: iliwakatalia wanawake weusi walioishtaki General Motors, kampuni ya magari, kuunganisha madai ya ubaguzi wa rangi na ya ubaguzi wa jinsia. Kabla ya 1964 kampuni iliajiri wanawake, lakini wazungu. Iliajiri weusi, lakini wanaume. Jedwali lako likitenganisha hivyo, hao wanawake hawaonekani popote.

Na eti jamii hutoa data, nadharia ni ya chuo? Combahee River Collective, kikundi cha wanawake wanaharakati weusi wa Boston, waliandika mwaka 1977 jinsi ukandamizaji wa rangi, jinsia na tabaka unavyofungamana. Msomi wa sheria Kimberlé Crenshaw aliipa hoja hiyo istilahi yake, "intersectionality", mwaka 1989.

La mwisho: fomu ya ridhaa ikisainiwa, kazi haijaisha. Wasomeeni wahojiwa matokeo kabla ya kuchapisha, kwa lugha wanayoitumia. Wakisema umekosea, upinzani wao uingie kwenye tasnifu, hata kama hukubaliani nao.