Vilima Vinne, Miruko Minane: Hesabu Inayompata Bingwa wa Mwaka Mpya

Tarehe 6 Januari 2024, katika mji mdogo wa Bischofshofen nchini Austria, Mjapani Ryoyu Kobayashi alikabidhiwa sanamu ya tai wa dhahabu, zawadi ya bingwa wa Mashindano ya Vilima Vinne ya kuruka kwa skii, mchezo wa kuteleza mlimani kwa mbao ndefu za miguuni na kuruka mbali hewani, ilhali katika mashindano yote manne ya msururu huo hakuwa ameshinda hata moja. Huko Oberstdorf alishinda Andreas Wellinger, Garmisch-Partenkirchen akashinda Anže Lanišek, Innsbruck ikawa zamu ya Jan Hörl, na hapo Bischofshofen mwenyeji Stefan Kraft. Kobayashi alishika nafasi ya pili mara nne mfululizo. Jioni ile nilipokea ujumbe kutoka kwa ndugu na marafiki kadhaa ambao nimewaambukiza mapenzi ya mchezo huu, na wote walikuwa na swali moja: bingwa gani huyu asiyeshinda?

Kazi yangu ni kuchambua takwimu za michezo ya majira ya baridi, na swali hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa jibu lake linafunua namna msururu mzima ulivyoundwa. Katika Kombe la Dunia la kuruka kwa skii, ambalo mashindano haya manne pia ni sehemu yake, mrukaji hulipwa kwa nafasi aliyoshika: wa kwanza hupata pointi 100, wa pili 80, na kuendelea chini, hata kama wa kwanza amemzidi wa pili kwa unywele tu. Vilima Vinne havifuati utaratibu huo. Hapa nafasi haihesabiwi kabisa. Kinachojumlishwa ni pointi halisi za kila mruko, miruko miwili kwa kila kilima, minane kwa jumla, na mwenye jumla kubwa ndiye bingwa. Kwa hiyo anayeshinda leo kwa pointi moja na kesho akapoteza pointi 20 hana chochote mkononi, na yule anayekaribia ushindi kila siku bila kuporomoka hata mara moja ndiye anayepanda juu ya jukwaa mwishoni.

Msururu huu ni wa Ujerumani na Austria, vilima viwili kila nchi. Huanza tarehe 28 au 29 Desemba kwa mchujo na mashindano ya Oberstdorf, huendelea Garmisch-Partenkirchen tarehe 1 Januari, kisha huvuka mpaka kuingia Innsbruck tarehe 3 au 4, na kumalizikia Bischofshofen tarehe 6, ambayo kwa Wakristo wa huko ni sikukuu ya Epifania. Mashindano ya kwanza kabisa yalifanyika Garmisch-Partenkirchen tarehe 1 Januari 1953, na bingwa wa mwaka huo alikuwa Mwaustria Sepp Bradl, mtu yule yule ambaye mwaka 1936, akiwa bado kijana, alikuwa wa kwanza duniani kuvuka mita 100 kwa skii, kwenye kilima cha Planica. Tangu hapo msururu umekuwa sehemu ya Mwaka Mpya wa watu wa huko, kiasi kwamba wapo wasiofuatilia mchezo huu mwaka mzima lakini alasiri ya tarehe 1 wamekaa mbele ya runinga.

Sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe. Kila kilima kina mstari uitwao K, ambao ni umbali wa marejeo uliochorwa kwenye mteremko wa kutua. Anayetua juu ya mstari huo hupewa pointi 60 za umbali, na kwenye vilima vikubwa kama hivi kila mita inayozidi huongeza pointi 1.8, na kila mita inayopungua huondoa kiasi hicho hicho. Majaji watano hutoa alama za mtindo, kila mmoja hadi 20. Ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, tatu zinazobaki hujumlishwa. Tuseme mrukaji anatua mita 128 kwenye kilima cha Bergisel huko Innsbruck, ambako mstari wa K uko mita 120. Umbali unampa 60 pamoja na mara nane ya 1.8, yaani 74.4. Majaji wakimpa 19, 18.5, 18, 18 na 17.5, zinahesabiwa 18.5, 18 na 18, jumla 54.5. Anaondoka na 128.9 kabla upepo haujahesabiwa.

Mtindo si pambo, na hapa wengi wanaoanza kutazama hupotea. Mrukaji anapogusa theluji anatakiwa kutanguliza mguu mmoja mbele ya mwingine, magoti yamekunjwa na mikono imenyooshwa kando, mkao uitwao telemaki. Akitua kwa miguu sambamba, kila jaji humkata pointi kadhaa. Majaji watatu wanaohesabiwa wakikata mbili mbili, zimekwenda sita, na sita kwenye kilima kikubwa ni zaidi ya mita tatu. Ndiyo maana utamwona mtu ameruka mbali kuliko wote na bado anakunja uso: alipokaribia sehemu ambako mteremko unaanza kulala, mapaja yalizidiwa na mgandamizo, akashindwa kutenganisha miguu. Kila mita ya mwisho anayoinyakua hewani inamgharimu zaidi ardhini.

Kisha kuna upepo, ambao kabla ya mwaka 2009 haukuwa na nafasi katika hesabu. Mabaharia wetu wa pwani wangeelewa jambo hili haraka kuliko mtu wa milimani, isipokuwa wangeshangaa kuona limepinduliwa. Kwa jahazi, upepo wa tezi, unaotoka nyuma, ndio neema, na wa omo ndio taabu. Kwa mrukaji wa skii ni kinyume chake: upepo unaomjia usoni huingia chini ya skii zilizotandazwa mfano wa herufi V na kumbeba kama tiara, na ule wa nyuma humkandamiza chini. Siku hizi vipimo vilivyopangwa kando ya mteremko husoma kasi ya upepo wakati wa kila mruko, na kompyuta huondoa pointi kwa aliyebebwa na kuongeza kwa aliyekandamizwa. Vilevile waamuzi wakishusha boriti ya kuanzia, ambayo mrukaji huikalia kabla ya kushuka, ili kupunguza kasi, pointi hurekebishwa. Kwa maoni yangu mfumo huu umeleta haki zaidi, ingawa umemwondolea mtazamaji raha ya kujua mshindi kwa macho yake mwenyewe. Haki yenyewe pia ina mipaka, kwani vipimo husimama mahali maalumu na mkupuo wa upepo unaweza kupita katikati yake bila kugusa hata kimoja.

Hapo ndipo Innsbruck inapoingia, na nitakaa hapa kidogo, kwa sababu mahesabu yangu ya kila mwaka huharibikia hapa. Bergisel ndicho kidogo kuliko vyote vinne. Mnara wake uliosanifiwa na Zaha Hadid ulikamilika mwaka 2002, na una mkahawa juu ambako mtu anaweza kunywa kahawa huku akiwatazama warukaji wakishuka. Kilima kiko juu ya mji, mdomoni mwa bonde linaloleta kutoka kusini upepo wa joto uitwao Föhn, usioeleweka wala kubembelezeka. Mrukaji aliyeketi kwenye boriti anauona mji wote wa Innsbruck chini yake, na katikati ya miguu yake, ng'ambo kidogo ya mahali ambapo warukaji husimama baada ya kutua, anayaona makaburi ya Wilten. Nimewahi kusimama karibu na jukwaa la makocha siku ya upepo. Kijana anakaa kwenye boriti, taa ni nyekundu, anajaribu kulegeza mabega. Anaambiwa atoke. Anatoka pembeni, anafungua kidogo zipu ya vazi lake, anapuliza vidole. Anarudi. Taa inakuwa ya kijani, kocha anashusha bendera, na ndani ya sekunde chache lazima aachie, hata kama moyo umekwisha kupoa. Mwaka 2008 na tena mwaka 2022 upepo ulishinda kabisa, na mashindano ya Innsbruck yakahamishiwa Bischofshofen.

Vilima vingine vina tabia zao. Oberstdorf hurukwa usiku chini ya taa, mbele ya umati ambao haujapata bado shujaa wa kukata tamaa naye. Kilima cha Garmisch-Partenkirchen ni kipya kwa kiasi, kwani kile cha zamani kilichotumika kwenye Olimpiki ya 1936 kililipuliwa mwaka 2007 na kujengwa upya. Bischofshofen kinabeba jina la Paul Außerleitner, mrukaji aliyefariki mwaka 1952 baada ya kuanguka hapo. Njia yake ya kushukia ni ndefu na imelala kuliko za wenzake, na mwenye pupa hujikuta amejirusha kabla ya ukingo, mruko ukafia hapo hapo. Mtu aliyezoea mwendo wa Innsbruck ana siku mbili tu za kujifunza upya subira.

Jambo jingine linaloutofautisha msururu huu ni mtoano, ulioanza msimu wa 1996–97. Warukaji 50 wanaopita mchujo hupangwa wawili wawili: wa 1 dhidi ya wa 50, wa 2 dhidi ya wa 49, hadi wa 25 dhidi ya wa 26. Washindi 25 wa jozi huingia raundi ya pili, pamoja na watano bora kati ya walioshindwa. Kwa wakubwa utaratibu huu hauna athari kubwa, ila kwa wa katikati unaweza kuwa mkatili, maana mwenye pointi za nafasi ya 27 anaweza kutolewa na wa nafasi ya 35 akaendelea kwa sababu tu mpinzani wake alikuwa dhaifu zaidi. Na akitokea mkubwa akateleza, au vazi lake likakutwa limezidi kipimo akaondolewa, basi amekosa mruko mzima wa pili, pointi zaidi ya 100 ambazo hakuna kilima kitakachomrudishia.

Kwa sababu hiyo walioshinda vilima vyote vinne katika msimu mmoja ni watatu tu hadi ninapoandika haya: Mjerumani Sven Hannawald mwaka 2001–02, Mpolandi Kamil Stoch mwaka 2017–18, na Kobayashi huyo huyo mwaka 2018–19, ambaye huko Oberstdorf alimzidi Markus Eisenbichler kwa pointi 0.4. Wajerumani walikaa zaidi ya miongo miwili baada ya Hannawald bila kumpata bingwa mwingine, huku jirani zao Waaustria wakitwaa taji mara saba mfululizo kuanzia 2009 hadi 2015. Mwenye mataji mengi kuliko wote, hata hivyo, ni Mfini Janne Ahonen, mwenye matano. La kwanza, la msimu wa 1998–99, alilipata bila kushinda shindano hata moja, miaka 25 kabla ya Kobayashi. La nne, mwaka 2006, aligawana na Mcheki Jakub Janda, kwani baada ya miruko minane kila mmoja alikuwa na pointi 1081.5.

Norway ilianzisha msururu wake mwaka 2017, uitwao Raw Air, ambao huhesabu hata mchujo na humalizikia kwenye kilima kikubwa mno cha Vikersund. Ni mtihani wa uchovu zaidi kuliko wa uthabiti, na mruko mmoja wa zaidi ya mita 200 siku ya mwisho unaweza kufuta kazi ya wiki nzima. Wanawake kwa upande wao walianzishiwa msururu wa vilima viwili, Garmisch-Partenkirchen na Oberstdorf, katika msimu wa 2023–24. Naona ni nusu ya kile wanachostahili.

Ukitaka kuona hesabu hii ikifanya kazi hadharani, itazame siku ya mwisho ya msimu wa 2024–25. Waaustria watatu, Stefan Kraft, Jan Hörl na Daniel Tschofenig, walifika Bischofshofen wakiwa wamepishana kwa pointi chache kuliko thamani ya mita moja. Kraft alikuwa akiongoza, hivyo alibaki wa mwisho juu, na upepo ukamweka akisubiri huku wenzake wawili wakiwa wameshatua na wakitazama juu kutoka chini. Aliporuhusiwa hatimaye, mruko wake haukutosha, akaangukia nafasi ya tatu. Tschofenig akawa bingwa, na Hörl akawa wa pili kwa tofauti ya pointi 1.4. Zigawanye kwa 1.8 utapata sentimeta 78: hiyo ndiyo nafasi iliyowatenganisha baada ya kila mmoja kuruka karibu kilometa nzima.