Hiyo "e" haifiki kwenye rejista

Tuelewane leo, tusirudie tena: kuna wanaodhani namba yenye nukta hukaa ndani ya kompyuta kama ilivyoandikwa, pamoja na e yake. Ukiandika kwa lugha ya asembli `dd 6.88e4` (hifadhi 6.88 mara kumi kipeo cha 4, yaani 68,800), prosesa haiweki 6.88 upande mmoja wa rejista (chumba chake kidogo cha namba) na 4 upande wa pili. Herufi e ni yako wewe na asembla, programu inayogeuza maandishi yako kuwa lugha ya mashine. Asembla ikishausoma mstari huo, habari za kumi na vipeo vyake zimekwisha. Zinabaki biti 32, yaani sifuri na moja tupu, na mbili ndiyo inayotawala.

Chukua hiyo hiyo 68,800, ambayo ni takriban eneo la Ziwa Victoria kwa kilomita za mraba. Kipeo kikubwa kabisa cha mbili kinachoingia humo ni 65,536, yaani 2 kipeo cha 16. Gawanya: 1.0498046875. Kwa kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985 (kanuni ya kuhifadhi namba zenye nukta), 16 unaiongezea 127, inakuwa 143, au 10001111 kwa mfumo wa mbili. Ile 1 ya mbele haiandikwi. Kilicho baada ya nukta kinajaza biti 23, na biti ya alama inatangulia yote. Jumla: 0x47866000 (0x ni alama ya namba za msingi wa 16). Ukiona 4 pale mwanzo usishangilie, ni sadfa.

Namba hiyo imekaa kamili. 0.1 haikai: kwa mbili inajirudia bila kikomo, kama theluthi inavyojirudia kwa kumi, kwa hiyo inakadiriwa kuwa 0x3DCCCCCD, ambayo imezidi kidogo. Pima dagaa pale soko la Kirumba, Mwanza, kwa mafungu ya kilo 0.1, jumlisha kumi kwa `addss` (amri ya kujumlisha floti, yaani namba zenye nukta) ukianzia sifuri. Utapata 0x3F800001, wakati 1.0 ni 0x3F800000. Linganisha kwa `ucomiss` (amri ya kulinganisha floti), weka `je` (ruka kama ni sawa): hairuki. Mzani hauna kosa, na prosesa usiitukane.

"Basi weka epsilon," wanasema, yaani tofauti ndogo ya kuvumilia unapolinganisha. Ipi? Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Watu wananakili 0.000001 kana kwamba imeshushwa kutoka mbinguni. Karibu na 68,800, floti mbili zinazofuatana zimeachana kwa 0.0078125, kwa hiyo epsilon hiyo haina tofauti na kulinganisha moja kwa moja. Shuka kwenye namba za 0.0000001, na epsilon ile ile itakuambia kila kitu kiko sawa na kila kitu. Mimi hutazama ukubwa wa data, nikachukua pengo la hapo mara nne. Kwa nini nne? Mazoea tu. Hesabu ikiwa ndefu huwa naipandisha nane, na bado siiamini sana.

Haraka haraka: NaN (thamani isiyo namba) ikiingia kwenye `ucomiss`, ZF, PF na CF (bendera za prosesa zinazoonyesha matokeo ya ulinganisho) zote zinawaka, kwa hiyo `je` inaruka kwa furaha. Tanguliza `jp` (ruka kama PF imewaka). Na ukigeuza floti kuwa namba kamili, `cvttss2si` hukata desimali, ila `cvtss2si` hukadiria kufuata MXCSR, rejista ya mipangilio ya floti. Kwa mpangilio wa kawaida 2.5 inakuwa 2, kwa sababu katikati huenda kwenye shufwa.

Pesa sasa. Floti ya biti 32 huhesabu moja moja hadi 16,777,216 tu. Kwa shilingi zetu, mauzo ya sangara yanafika hapo upesi. Ongeza 1.0: jibu ni lile lile. Ongeza tena mara elfu moja, moja moja: halisogei. Shilingi ziweke kwenye `rax`, rejista ya namba kamili, utumie `add`.