Kumbukumbu sio video jamani

Ile stori kwamba ubongo unarekodi kila kitu kama kamera halafu ukitaka unarudisha tu nyuma, hapana, haiko hivyo. Kila ukikumbuka kitu ubongo unakiunga upya kutoka vipandevipande, na penye pengo unaziba na chochote, hata neno la aliyekuuliza. Mwaka 1974 huko Marekani wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha watu filamu ya ajali ya magari, wiki moja baadaye wakawauliza kama waliona vioo vimevunjika. Havikuwepo kabisa! Ila kati ya 50 walioulizwa mwanzoni magari "yalipobamizana" yalikuwa spidi gani, 16 walisema waliviona, walioulizwa "yalipogongana" ni 7 tu kati ya 50. Na wala hawakuwa wanadanganya, ndo walivyokumbuka.